Swali la Tatu la Sista Nthenya

Mimi ni fundi wa nguo na sipendi kuulizwa maswali. Mteja akija na kitambaa, mimi ndiye ninayeuliza: kola ya aina gani, mifuko mingapi, unaitaka lini. Yeye kazi yake ni kujibu na kusimama wima nimpime. Nimeishi hivyo tangu nilipofungua kibanda changu karibu na msikiti hapa Machakos mjini, na ndiyo sababu mimi na Sista Nthenya tulianza vibaya.

Kilichonipeleka hospitalini ni sindano yangu mwenyewe. Ilianguka chini, nikaikanyaga kwa mguu wa kulia, nikatembea nayo siku tatu bila habari. Nina kisukari cha miaka mingi, na kisukari kikikaa mwilini muda mrefu nyayo huacha kuhisi. Mke wangu Zamzam ndiye aliyeiona na kuichomoa, siku moja nikitawadha uani. Nikamwambia ni kitu kidogo. Nilikaa na hicho kitu kidogo wiki mbili nikikipaka dawa ya dukani, mpaka Jumapili moja binti yetu Nuha akaja kutoka Athi River, akanusa hewa ya chumba, akainua shuka, kisha akatoka nje bila neno kwenda kutafuta gari.

Nuha anashona kwenye kiwanda cha EPZ, cha nguo za kuuzwa nje ya nchi. Huwa namtania kwamba hajui kushona shati, anajua kushona mkono wa kushoto tu, mia tatu kwa siku. Naye hunijibu kwamba cherehani yake ni ya umeme na yangu ni ya makumbusho. Ni kweli, yangu ni ya miguu. Mguu wa kulia ndio unaosukuma, wa kushoto unafuata tu. Aliwahi kutaka kuninunulia ya umeme nikakataa, kwa sababu mimi na umeme wa Machakos hatujawahi kuaminiana. Kwa hiyo daktari aliponiambia siku ya kwanza kwamba mguu ule uko hatarini, mimi nilisikia kwamba nyumba yangu iko hatarini.

Huo ulikuwa mwezi wa Novemba, mwaka wa 2001, na mvua zilikuwa zimeanza. Hospitali ilikuwa ndogo, ya kanisa, nje kidogo ya mji ukielekea Kola, na jina lake nitaliacha. Wodi ya wanaume ilikuwa na vitanda kumi na viwili. Mimi nilipewa cha saba. Cha nane kilikuwa cha Mzee Kaloki, mkulima wa Kola aliyeteleza kwenye matuta ya shamba lake akavunjika paja. Mguu wake ulikuwa umening'inizwa kwa kamba yenye uzani, na alikuwa ameambiwa atakaa hivyo miezi miwili. Mwili wake wote ulikuwa umefungwa pale isipokuwa mdomo, na mdomo huo aliutumia vizuri.

Mimi nimewahi kulazwa kwingine miaka ya nyuma, najua desturi. Siku ya raundi ya daktari, nesi hupita mapema akiwaonya watu: tandika, lala umenyooka, usiongee mpaka uulizwe. Daktari huja na msafara wake, husimama miguuni pa kitanda, huzungumza na faili. Mwishoni hukutupia jicho na kuuliza, "Mzee, mzuri?" Nawe hujibu, "Mzuri, daktari." Nilimwona mtu mmoja akijibu hivyo asubuhi, na alasiri tukamfunika shuka.

Sista Nthenya aliikataa desturi hiyo. Alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, mpole wa sauti, na alikuwa amekabidhiwa wodi ile miezi mitatu kabla sijafika. Sheria yake ilikuwa moja: faili halifunguliwi mpaka mgonjwa aongee kwanza. Ukutani alikuwa amebandika karatasi kubwa ya manila yenye maswali matatu kwa mwandiko wa kalamu nene, juu kwa Kiswahili na chini kwa Kikamba. Umeamkaje leo? Unataka kujua nini? Ni kitu gani unakijua ambacho sisi hatukijui?

Kila siku saa kumi alasiri nesi alikuja na kigoda, akaketi kando ya kitanda chako, akakuuliza yale matatu. Kuketi ilikuwa lazima. Sista alisema mtu aliyelala hawezi kumwambia ukweli mtu aliyesimama. Siku za raundi, Jumanne na Ijumaa, ulitakiwa kuyajibu mbele ya Daktari Muiruri mwenyewe, mpasuaji wetu, mtu mrefu aliyekuwa akitazama saa yake kama anadaiwa.

Kaloki alinisimulia kwamba manesi walilipinga jambo hilo mwanzoni. Walisema kuna vidonda vya kusafisha na karatasi za kujaza, watapata wapi muda wa kupiga soga. Sista hakubishana nao. Alichukua kigoda akaanza na vitanda vinne peke yake, mwezi mzima, baada ya kumaliza kazi zake zote. Wengine walikuja kuchukua vigoda vyao Festus alipoongea. Festus alikuwa kijana wa kitanda cha tatu, na siku moja ya raundi alisema anataka kujua kwa nini bado anapewa vile vidonge vyekundu, na daktari alishasema viachwe. Faili likafunguliwa. Kijana alikuwa sahihi, alikuwa amevimeza siku tisa zaidi bure. Tangu siku hiyo hata nesi Ciku, msichana wa kutoka Yatta aliyekuwa mkali kuliko wote, alianza kuketi.

Mimi nilisikia hayo yote na sikubadilika. Ciku alipoketi kwangu na kuuliza nimeamkaje, nilisema mzuri. Nataka kujua nini? Sina. Ninajua nini wasichokijua? Hakuna. Nilikuwa mwepesi kwelikweli, nilimaliza maswali matatu kabla kigoda hakijapata joto. Niliona ni kazi yao kujua. Mbona mimi sijawahi kumuuliza mteja anifundishe kukata suruali?

Siku ya sita tangu nilazwe, Ramadhani ikaandama.

Tangu nikiwa na miaka tisa sijawahi kuacha kufunga hata siku moja. Nilifunga nikiwa na malaria, nilifunga mwaka tulipomzika baba. Kisukari kilipoingia nilikuwa wa vidonge, nikafunga pia. Mwaka mmoja nesi wa kliniki fulani alinicheka mbele ya watu, akaniambia nichague, dini au kisukari. Nikachagua kunyamaza. Pale wodini nilikuwa Mwislamu peke yangu na sasa nilikuwa nadungwa insulini asubuhi na jioni, na nilijua vizuri nikisema nafunga nitaambiwa nisifunge. Kwa hiyo sikusema.

Lakini uji wa asubuhi ulikuja, na kikombe kikirudi kimejaa kingenisema. Nikamgeukia Kaloki nikamweleza kwa sauti ya chini. Alinisikiliza kwa makini, akaangalia kikombe changu, akaangalia chake kilichokuwa kitupu tayari.

"Fundi," akasema, "kufunga ni kazi ngumu. Mimi nitakusaidia."

Akanisaidia. Asubuhi nilimpitishia uji juu ya kabati dogo lililokuwa kati yetu. Mchana nilimpitishia muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe, na hapo alinisaidia kwa moyo zaidi. Vyombo vyangu vilirudi vitupu, na Ciku akaandika kwenye karatasi yangu kwamba mgonjwa anamaliza chakula chote. Jioni Zamzam alikuja saa za kuwaona wagonjwa na kapu lake: tende, sambusa, chai tamu, na chupa ya tambi alizozitia sukari na maziwa kama ninavyopenda. Aliniuliza kama manesi wanajua. Nikamwambia nimewauliza, wamesema hakuna shida. Huo ulikuwa uongo wa kwanza mkubwa kumwambia mke wangu katika miaka ishirini na saba, na nilimwambia nikiwa nimefunga. Adhana ya magharibi ilipolia mjini tulifungua pamoja. Tambi zilizobaki nilizila alfajiri kama daku.

Sasa fikirieni wenyewe. Asubuhi wananitoboa kidole nikiwa nimetoka kula tambi, sukari iko juu kama vilima vya Mua. Wananidunga insulini ya mtu atakayekunywa uji, nami sinywi. Jioni wananitoboa tena, sukari imeporomoka. Siku baada ya siku, juu, chini, juu. Daktari Muiruri akaongeza dawa ya asubuhi. Kidonda nacho kilibaki kibichi, kikitoa maji, na kidole kidogo cha mwisho kikaanza kubadilika rangi. Manesi walikisafisha kila siku kwa uangalifu hata nikawaonea haya, lakini haya hiyo haikutosha kunifungua mdomo.

Jumanne ya wiki ya pili ya mfungo daktari alinitazama usoni kwa mara ya kwanza. Alisema sukari yangu haikubali kutulia, na mguu hauponi kwenye damu ya namna hiyo. Kama kufikia Ijumaa hakutakuwa na mabadiliko, Jumatatu atanikata chini ya goti kabla sumu haijapanda. Sista Nthenya aliniuliza kama nina la kusema. Nikasema hakuna. Nuha alikuwa amesimama mlangoni, akaenda kulilia nje kwenye mvua.

Niliogopa. Sijawahi kuogopa hivyo maishani. Nilikuwa nalala nikisukuma shuka kwa mguu wa kulia, pole pole, kwa mdundo wa cherehani, kama vile nikiuonyesha kwamba bado nauhitaji. Na bado sikusema. Nilijiambia Mungu anaona ninavyofunga, hawezi kuuchukua mguu wa mtu anayefunga. Leo nikikumbuka, naona nilikuwa nampangia Mungu kazi kama ninavyompangia mshonaji wangu wa vifungo.

Alhamisi, saa tano hivi asubuhi, jasho likaanza kunitoka. Mikono ikatetemeka. Nikawaona Kaloki wawili, na nilikuwa nikijitahidi kutia uzi kwenye sindano ambayo haikuwepo. Baada ya hapo sikumbuki, nilisimuliwa. Kaloki aliita, hakusikika, basi akachukua kikombe cha bati akagonga chuma cha kitanda chake mpaka wodi nzima ikasimama. Ciku alikuja mbio, akanipaka sukari mdomoni, wakanitundikia maji ya sukari. Nilipozinduka saumu yangu ilikuwa imeshavunjika, na Sista Nthenya alikuwa ameketi kwenye kigoda, amenishika mkono.

Hakunikaripia. Alingoja mpaka nikaweza kumtazama vizuri.

"Mzee Rashid," akasema, "dawa ya asubuhi tuliiongeza kwa hesabu zetu, na leo imekaribia kukumaliza. Mahali fulani hesabu yangu inakosa kitu, na siwezi kukipata peke yangu. Ni kitu gani unakijua ambacho mimi sikijui?"

Neno lilinifika kwenye meno. Nikasema, "Hakuna, Sista." Akanifunika shuka akaenda zake.

Alasiri ile Ciku alikuja na kigoda kama kawaida, macho mekundu. Aliuliza la kwanza, akauliza la pili, sauti ikamkatika. Kaloki ndiye aliyemuuliza ana nini. Tukajua kwamba huko ofisini walikuwa wakisema lazima alinidunga mara mbili, kwa sababu mgonjwa aliyemaliza uji wake wote haanguki vile. Alikuwa ameambiwa aandike maelezo. Sista Nthenya alikuwa amewaambia wakubwa kwamba wodi ni yake, basi barua yoyote ya onyo ianze na jina lake, lakini hilo halikumpunguzia Ciku uchungu. Alijipangusa uso akaniuliza swali la tatu, kwa sababu ndiyo kazi aliyopewa, na akangoja.

Msichana huyu alikuwa ameniokoa saa tano zilizopita. Nilitamani ardhi inimeze na kitanda changu.

"Nitalijibu kesho," nikasema.

Ijumaa asubuhi insulini walinipunguzia nusu. Uji ukaja. Kwa mazoea, au kwa woga, nikausukuma upande wa Kaloki. Hakuushika. Aliziba mdomo kwa kiganja kama mtoto anayekataa dawa, akageuza uso.

"Leo sili, fundi," akasema nyuma ya mkono. "Jana nimeona macho yako. Mimi nilikuwa nafikiri nakula uji. Kumbe nakula mguu ya mtu."

Basi kikombe kilibaki juu ya kabati kati yetu, mimi sikinywi na yeye hakinywi, mpaka uji ukafanya utando. Ndivyo daktari alivyotukuta.

Waliingia wanne: Daktari Muiruri, Sista Nthenya, Ciku, na matroni wa hospitali aliyekuja kwa ajili ya yale ya jana. Daktari alikuwa na karatasi ya idhini mkononi, kalamu juu yake. Akanyoosha mkono kuchukua faili. Sista aliliweka faili kifuani pake.

"Daktari, mgonjwa aanze," akasema.

"Sista, leo hakuna haja. Sukari tunaiona wenyewe."

"Tunaiona, lakini hatuielewi. Aanze."

Daktari akatazama saa. Matroni akamtazama Sista kwa jicho la kumwambia tutaongea baadaye. Sista hakuondoka na faili halikuondoka. Alivuta kile kigoda, akakisukuma kwa mguu mpaka mbele ya Daktari Muiruri, na sijui ni kwa nini, labda kwa uchovu, yule mtu mrefu akaketi. Uso wake ukawa sawa na wangu. Nikaona kwamba yeye pia hakupenda kukata mguu wa mtu siku ile.

Nikaanza kwa swali la kwanza kama nilivyofundishwa. Nikasema nimeamka na aibu. La pili, nataka kujua kama bado kuna nafasi. Na la tatu nikalisema lote, bila kumtazama mtu, nikiitazama ile manila ukutani: kwamba nimefunga siku kumi na mbili, uji sijaugusa, mchana sijala, jioni nakula vitamu na alfajiri navirudia. Nikasema Ciku hakukosea kitu. Aliandika vyombo ni vitupu na vilikuwa vitupu kweli.

"Vilienda wapi?" daktari akauliza.

Halafu kutoka kitanda cha nane, juu kidogo ya mguu ulioning'inia, mkono ukainuka.

"Ni mimi," akasema Kaloki. "Nilikuwa namsaidia."

Festus ndiye aliyecheka kwanza, kisha wodi nzima ikacheka, hata matroni aliangalia chini kuficha meno. Ciku hakucheka, alikuwa akilia tena, lakini hicho kilikuwa kilio cha namna nyingine. Daktari Muiruri peke yake alibaki amekasirika. Aliniuliza kwa nini nilinyamaza hata nilipoambiwa habari ya kukatwa. Nikamweleza yule nesi wa kliniki ya zamani, dini au kisukari. Alifungua mdomo kunijibu, Sista akamtangulia.

"Mzee Rashid, wewe unataka tufanye nini?"

Hakuna mtu aliyevaa sare aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilifikiri nitasema nataka mguu na saumu, vyote viwili. Lakini mtu akikuuliza kwa dhati, hata uongo wa kujidanganya mwenyewe unakuwa mzito. Nilisema nilichokijua tangu siku ya kwanza, nilichokwisha kuwafundisha vijana wengi pale kibandani nikishona kanzu zao: kwamba mgonjwa ameruhusiwa kula. Mtoto wa madrasa anajua hilo. Mimi nilijifanya silijui kwa sababu ya kiburi cha kuhesabu miaka. Nikamwambia daktari anipe muda nile na kutibiwa kama inavyotakiwa, na nikimaliza muda huo kidonda kikiwa vile vile, nitatia sahihi mwenyewe bila kushikwa mkono.

Alifikiri. Akakunja karatasi ya idhini mara mbili, akaitia mfukoni mwa koti. Akanipa siku saba.

"Na huo uji?" akauliza akiinuka.

Ulikuwa baridi na utando umekaza. Niliunywa wote mbele yao. Haukuwa na ladha hata kidogo, na ulinipita kooni na machozi.

Siku zile saba hazikuwa za kulala. Sista Nthenya alinifundisha kujitoboa kidole na kusoma kipimo mwenyewe, nami nikaandika namba kwa chaki ya fundi kwenye ubao mdogo kando ya kitanda. Nikaanza kuuliza maswali hata wakanichoka. Kwa nini viazi na si wali? Kwa nini sindano ya tumboni na si ya mkono? Alimwita Zamzam pia, akamketisha, akamuuliza kile anachokijua yeye, na hapo ndipo mke wangu alipojua nilimdanganya. Siku mbili aliniletea chakula bila salamu. Kiliwekwa mezani, kikatajwa jina, akaondoka. Siku ya tatu alinisalimia, na siku hiyo hiyo namba kwenye ubao zilikuwa zimetulia.

Ijumaa ilipofika daktari alifungua bandeji mwenyewe. Kidonda kilikuwa kimeanza kukauka kingoni na nyama nyekundu imeota chini. Alikata kile kidole kidogo kilichokuwa kimekufa, mguu akauacha. Nilimwambia Nuha kidole kidogo hakijawahi kunisaidia kushona. Alicheka akilia, kisha akasema bado ataninunulia ya umeme.

Nilitoka hospitalini baada ya Idd. Maswali yale hayakuishia kwetu. Matroni aliyekuja kuchukua maelezo ya Ciku ndiye aliyeagiza manila nyingine kwa wodi ya wanawake, na Ciku ndiye aliyetumwa kwenda kuwaonyesha manesi wa huko jinsi ya kuketi.

Nilimwendea Sheikh Jamal wa msikiti wetu kumuuliza habari ya siku nilizoziacha. Aliponisikia nadungwa insulini kila siku akasema mtu kama mimi hana kulipa kwa kufunga. Kwa kila siku, nimlishe mtu mmoja mwenye haja. Nilirudi nyumbani nikifikiria ni nani. Kisha nikacheka peke yangu njiani, watu wakanitazama.

Mwezi wa tatu nilipanda gari hadi Kola na mfuko wa unga wa wimbi, maharagwe na mahindi ya muthokoi. Kutoka barabarani hadi kwa Kaloki ni mteremko wa mawe, nikautembea wote kwa miguu yangu miwili, taratibu. Msimu ule hakuwa ameweza kulima. Alikuwa ameketi nje na mkongojo, amekonda. Mkewe Mumbua aliupokea mfuko akashukuru kwa Kikamba, muvea, muvea sana, akaingia jikoni. Nilimweleza Kaloki maana ya chakula kile, kwamba ni cha siku zangu, nimlishe yeye.

"Kumbe nilikuwa nimetangulia," akasema.

Mumbua akatuletea uji, vikombe viwili. Nilipochukua changu, Kaloki aliweka kiganja juu yake. Akanitazama kwa uso wa raundi.

"Ngoja kwanza. Ni kitu gani unajua na mimi sijui?"

Nilitaka kusema hakuna. Nikaliona lile neno likija, nikalizuia.

"Jana nilikula tambi," nikasema. "Sahani ndogo. Na hiki kiatu ni kipya, sijui kinanifanya nini huko ndani, maana wayo hausikii."

Hakunicheka. Alinyoosha mkono akapiga paja lake lililounga, kuniambia niuweke mguu pale. Nikavua kiatu na soksi. Yule mzee aliushika mguu wangu kwa mikono yake ya jembe, akaugeuza kwenye mwanga, akaupitia kwa kidole gumba kuanzia kisigino hadi pale kilipokuwa kidole cha mwisho, bila haraka, kama manesi walivyokuwa wakifanya.

"Hakuna kitu," akasema. "Kunywa uji."